Mgonjwa wa vali ya moyo: ni nani, na baada ya operesheni huwaje?

Hapa Kuze, kama mitaa mingine ya Mji wa Kale, tumezoea ujumbe wa mchango: fulani ana tatizo la vali ya moyo, anatakiwa kupasuliwa Nairobi au India. Tunachanga, tunaomba dua, mgonjwa anasafiri. Akirudi na kovu kifuani tunamshukuru Mungu na kuhesabu kwamba yamekwisha. Ninaandika haya kwa sababu hayajakwisha. Operesheni hutengeneza mlango wa moyo. Maisha ya mgonjwa baada ya hapo yanategemea sana yanayofanyika nyumbani, kwa miaka mingi.

Vali ni nini

Moyo una vyumba vinne na vali nne. Vali ni vilango vinavyofunguka upande mmoja tu ili damu iende mbele isirudi nyuma. Huharibika kwa namna mbili: hukaza ikashindwa kufunguka vizuri, au hulegea ikavuja. Wengine hupata yote mawili. Inayoumia zaidi kwetu ni vali ya mitrali, upande wa kushoto wa moyo, kisha vali ya aota.

Ulaya na Marekani, wagonjwa wengi wa vali ni wazee. Kwetu chanzo kikubwa ni homa ya baridi yabisi, nayo huanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo kwa bakteria aitwaye streptokokasi. Asipotibiwa, baada ya wiki mbili au tatu kinga ya mwili wake inaweza kukosea na kushambulia viungo na moyo wake mwenyewe. Magoti huvimba na kuuma, kisha hupona. Vali hubaki na jeraha, na kila homa inayorudi huongeza jeraha juu ya jeraha. Maradhi haya hupenda nyumba zenye watu wengi kwenye vyumba vichache, na nyumba hizo tunazijua.

Wagonjwa ni nani

Utafiti mkubwa uitwao REMEDY uliandikisha wagonjwa 3,343 katika hospitali 25 za nchi 12 za Afrika, Kenya ikiwemo, pamoja na India na Yemen. Umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 28. Thuluthi mbili walikuwa wanawake. Zaidi ya nusu walikuwa na vali zaidi ya moja zilizoharibika vibaya. Baada ya miaka miwili, karibu 17 katika kila 100 walikuwa wamefariki, wengi wakiwa bado vijana.

Kwa hivyo mgonjwa wa kawaida ni msichana au mama mchanga. Mara nyingi ugonjwa hujitokeza akiwa mjamzito, kwa sababu mimba huongeza damu mwilini na vali iliyokaza haiwezi kuipitisha. Anahema akipanda ngazi, hawezi kulala bila mito miwili mitatu. Nyumbani huambiwa ni pumu, ni uchovu wa mimba, au ana jini. Asomewe, hakuna ubaya, lakini apelekwe pia Makadara akafanyiwe kipimo cha moyo kiitwacho eko. Hakichomi wala hakiumizi, nacho huonyesha vali zikifanya kazi.

Aina za matibabu

Si kila vali hubadilishwa. Mitrali iliyokaza, ikiwa haijaharibika sana, huweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, njia aliyoianzisha daktari Inoue wa Japani mwaka 1982. Nyingine hutengenezwa kwa upasuaji. Isiyotengenezeka huondolewa na kuwekwa ya bandia, kazi ambayo imekuwa ikifanyika tangu 1960.

Vali ya bandia ni ya aina mbili. Ya chuma hudumu miaka mingi sana, lakini damu huelekea kuganda juu yake, hivyo mgonjwa hunywa warfarini maisha yake yote. Ya mnyama, iwe ya nguruwe au iliyotengenezwa kwa ngozi inayofunika moyo wa ng'ombe, mara nyingi haihitaji warfarini ya kudumu. Tatizo ni kwamba huchakaa, na kwa kijana huchakaa haraka zaidi. Itabidi apasuliwe tena.

Kwa sisi Waislamu, suala la nguruwe huulizwa kila mara, na mara nyingi huulizwa mgonjwa akiwa tayari kitandani. Muulizeni daktari mapema kama kuna ya ng'ombe, na muulizeni shekhe mnayemwamini. Kanuni ya dharura ipo katika fiqhi.

Binti na uamuzi wake

Hapa ndipo penye uzito. Warfarini huvuka kondo la nyuma na inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Mama naye akiiacha ghafla, damu inaweza kuganda kwenye vali akapata kiharusi au akafa. Kwa hivyo binti wa miaka 20 anayewekewa vali anachaguliwa pia namna atakavyobeba mimba. Ni haki yake kuelezwa yeye mwenyewe. Baba na wajomba wasiamue kwa niaba yake nje ya mlango.

Tunajua pia kinachofanyika: ugonjwa hufichwa ili posa isivunjike. Bwana harusi haambiwi, binti anaogopa kunywa dawa mbele ya mawifi, na mimba inaingia bila daktari kujua. Katika utafiti wa REMEDY, ni asilimia 3.6 tu ya wanawake wa umri wa kuzaa waliokuwa wakitumia njia ya kupanga uzazi. Siri hii inaua. Mwenye vali ya bandia anaweza kuolewa na wengine huzaa salama, lakini mimba hupangwa na daktari kabla haijaingia.

Maisha baada ya kupasuliwa

Anayetumia warfarini hupimwa damu mara kwa mara kwa kipimo cha INR. Ikiwa chini, damu itaganda. Ikiwa juu, atavuja damu. Katika REMEDY, wenye kipimo sahihi walikuwa asilimia 28 tu. Mambo ya kuzingatia:

- Mchicha, sukuma wiki na kisamvu si haramu kwake. Ale kwa kiasi kile kile kila wiki, asibadilishe ghafla.
- Asijinunulie Brufen, aspirini au dawa za mitishamba bila kumuuliza daktari.
- Hijama asifanye bila ruhusa ya daktari wake.
- Kabla ya kung'olewa jino, amwambie daktari wa meno kwamba ana vali ya bandia.
- Kabla ya Ramadhani, apange na daktari saa za dawa na kama afya yake inamruhusu kufunga.
- Sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne huendelea ikiwa daktari ameiagiza, hata baada ya operesheni.

Hapa nina ombi kwa kamati za misikiti na za mitaa. Tunapochangisha, tusihesabu tikiti na operesheni peke yake. Tuweke fungu la warfarini na INR za miaka miwili ya mwanzo, na tuhakikishe mgonjwa amejisajili SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Kuzuia kunawezekana

Kaskazini mwa Uganda, watoto 818 waliogunduliwa kwa eko wakiwa na dalili za mwanzo walifuatiliwa miaka miwili. Miongoni mwa waliopewa sindano ya penisilini kila mwezi, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8. Kwa wasiopewa, uliendelea kwa asilimia 8.2. Matokeo yalitangazwa 2021.

Kwa hivyo mzazi, na wewe ustadhi wa madrasa: mtoto akilalamika koo na ana homa, mpelekeni kituo cha afya. Akipewa dawa, amalize dozi yote hata kama koo limepoa siku ya pili. Na mtoto ambaye magoti yalimvimba kisha yakapoa yenyewe, asiachwe hivyo. Apimwe moyo.