Taka za Jiji na Haki ya Kuishi: Wakazi wa Tabata na Kunduchi Mtongani Mahakamani, 1988–1991

Mwanafunzi mpendwa, machimbo ya mawe yana maisha mawili. Katika maisha ya kwanza hutoa mawe, kokoto na chokaa vya kujengea nyumba na barabara za mji. Mawe yakiisha, hubaki shimo, nalo huanza maisha ya pili. Mji ule ule uliochukua mawe hulitazama shimo hilo na kuona mahali pa kutupa taka. Dampo la Dandora jijini Nairobi, lililoanza kutumika mwaka 1975, lilizaliwa hivyo hivyo katika timbo la zamani. Kwa wakuu wa mji, shimo la namna hiyo ni nafuu: limekwisha kuchimbwa na halina mazao. Lakini mara nyingi pembezoni mwake huishi watu, na watu hao huwa hawakuulizwa.

Makala ya leo inahusu watu waliojiuliza wenyewe na kisha wakamuuliza jaji. Ni historia ya mitaa miwili ya Dar es Salaam, Tabata na Kunduchi Mtongani, ambayo wakazi wake waliishtaki Halmashauri ya Jiji kati ya mwaka 1988 na 1991. Tuisome kwa makini, kwa maana sisi hapa Uganda tunayo sababu ya kuisoma, na sababu hiyo nitaieleza mbele.

Tuanze na hali ya jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania ilizivunja halmashauri za miji, na kazi zake zikachukuliwa na mamlaka za mikoa na wilaya. Huduma za mijini zilizorota. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1978, lakini zilirudi zikiwa na fedha chache na magari machache, ilhali watu walikuwa wakiongezeka kwa kasi. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu wapatao 843,000 katika Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 1988 ilihesabu zaidi ya 1,360,000. Kila mtu aliyeongezeka aliongeza maganda, majivu, makopo na mifuko. Sehemu kubwa ya taka haikuzolewa kabisa; ilifukiwa uani, ilichomwa au iliachwa mitaroni. Ile iliyozolewa ilipelekwa Tabata.

Hapa tusimame kidogo kwenye msamiati. Mahali pa kutupia taka Watanzania wengi hupaita dampo. Wakenya hupenda kusema jaa, neno la Kiswahili cha kale ambalo pia limo katika kamusi. Vivyo hivyo machimbo ya mawe huitwa pia timbo. Ni vizuri kuyajua yote, kwa sababu gazeti la Nairobi na gazeti la Dar es Salaam yanaweza kueleza jambo moja kwa maneno tofauti.

Tabata ilikuwa makazi ya watu. Magari ya jiji yalimwaga taka humo, na taka zilipochomwa moshi ulitanda juu ya nyumba. Harufu mbaya na nzi vikawa sehemu ya maisha ya kila siku. Mwaka 1988 baadhi ya wakazi waliamua kwamba malalamiko ya mdomo yametosha. Walifungua kesi ya madai namba 299 ya mwaka huo katika Mahakama Kuu mjini Dar es Salaam. Waliomba Halmashauri ya Jiji iamriwe kuacha kutupa taka katika eneo lao.

Mahakama ilikubaliana nao. Iliiamuru Halmashauri iache kulitumia eneo la Tabata na itafute mahali ambapo taka hazitahatarisha afya ya watu. Kwa msomaji wa haraka, hadithi ingeishia hapo. Lakini hukumu ni karatasi mpaka itekelezwe, na utekelezaji wake ulichukua miaka mitatu. Halmashauri ilirudi mahakamani mara kadhaa kuomba iongezewe muda, na muda ukaongezwa. Wakati huo wote magari yaliendelea kumwaga taka pale pale ambapo mahakama ilikwisha kusema zisimwagwe.

Mwaka 1991 Halmashauri ilipoomba tena, ombi lilimkuta Jaji Lugakingira, na yeye alilikataa. Uamuzi wake umebaki katika vitabu na madarasa ya sheria ya Afrika Mashariki hadi leo. Jaji alishangaa kuona chombo cha umma kikija mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Alisema pia kwamba idadi ya watu wanaohatarishwa si hoja: haki haiwi nyingine kwa watu wachache na nyingine kwa watu wengi. Kisha akaiegemeza hoja yake kwenye ibara ya 14 ya Katiba ya Tanzania, ambayo inampa kila mtu haki ya kuishi na ya kuhifadhiwa maisha yake na jamii.

Mwanafunzi, tazama ujasiri wa hoja hiyo. Katiba ya Tanzania haikuwa na ibara inayotamka wazi haki ya mazingira safi. Haki za msingi zenyewe zilikuwa mpya: ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na wananchi wakaruhusiwa kuzidai mahakamani kuanzia Machi 1988, mwaka ule ule ambao watu wa Tabata walifungua kesi yao. Jaji hakusubiri bunge litunge maneno mapya. Alisoma neno kuishi na akalipa maana yake kamili. Kuishi si kutouawa kwa risasi au kwa kamba tu. Anayevutishwa moshi wa sumu kila siku naye anapunguziwa maisha, ijapokuwa kidogo kidogo.

Dampo la Tabata likafungwa. Je, taka za jiji lenye watu zaidi ya milioni moja zilikwenda wapi siku iliyofuata?

Zilikwenda Kunduchi Mtongani, kaskazini mwa jiji, karibu na pwani, eneo linalojulikana kwa machimbo yake ya mawe na kokoto. Kwa Halmashauri iliyofukuzwa Tabata, eneo la machimbo lilikuwa na mvuto ule niliokwisha kuueleza. Kwa wakazi, hali ilikuwa nyingine. Mawe ya pwani yetu ni ya matumbawe na chokaa, yenye matundu na nyufa. Maji machafu yanayochuruzika kutoka kwenye taka hupenya kwa urahisi katika ardhi ya namna hiyo na kuelekea kwenye visima. Juu ya ardhi walipata moshi, harufu na nzi, yaani yote ambayo Tabata iliyakataa.

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Watu wa Kunduchi Mtongani hawakungoja miaka. Mwaka huo huo wa 1991 mkazi mmoja na wenzake 794 walikwenda Mahakama Kuu kwa shauri namba 90. Hesabu hiyo ya watu 795 inastahili kutafakariwa. Kuwakusanya watu 795 waweke majina yao dhidi ya serikali ya jiji, katika nchi ambayo bado ilikuwa na chama kimoja cha siasa, haikuwa kazi ya jioni moja. Kila jina katika orodha hiyo ni mtu aliyeamua kuonekana.

Njia yao ya kisheria ilitofautiana kidogo na ile ya Tabata. Wao waliomba mahakama iupitie uamuzi wa Halmashauri wenyewe. Hoja yao kuu ilikuwa rahisi kueleweka: mpango mkuu wa jiji ulilitaja eneo hilo kuwa la makazi, na sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa kwa upande wa miji iliipa Halmashauri wajibu wa kulinda afya ya wakazi na kuondoa kero. Halmashauri haina mamlaka ya kuleta kero ambayo sheria inaitaka iiondoe. Waliomba amri tatu, ambazo mwanafunzi wa uraia anafaa kuzifahamu. Ya kwanza ni amri ya kufuta uamuzi uliofanywa kinyume cha sheria. Ya pili ni amri ya kuzuia, ili kosa lisiendelee. Ya tatu ni amri ya kushurutisha, inayomlazimisha mwenye madaraka atimize wajibu wake, na hapa wajibu huo ulikuwa kutafuta eneo linalofaa. Mahakama iliwakubalia. Kunduchi Mtongani nayo ikashinda.

Sasa tufikie swali gumu. Baada ya Kunduchi, Halmashauri ilipeleka taka Vingunguti. Huko nako kulikuwa na watu. Baada ya Vingunguti zikapelekwa Mtoni, na baada ya Mtoni zikapelekwa Pugu Kinyamwezi. Ukiyasoma majina hayo kwa mfuatano, unaona mtaa baada ya mtaa ukirithi mzigo ambao mtaa uliotangulia uliutua. Je, basi, watu wa Tabata na Kunduchi walifanya ubinafsi? Je, walishinda kwa gharama ya jirani?

Wapo wanaosema hivyo, na hoja yao si ya kupuuzwa. Taka haziyeyuki kwa hukumu ya mahakama. Anayesema zisitupwe kwangu, bila kusema zipelekwe wapi wala kupunguza anazozalisha, anaweza kuwa anasema kwa adabu kwamba zitupwe kwa mwenzangu. Na kwa kawaida huyo mwenzangu ni mtu maskini zaidi, asiye na hati ya kiwanja wala uwezo wa kumlipa wakili.

Hata hivyo, naona lawama hiyo inamwendea asiyestahili. Wakazi hawa hawakuchagua Vingunguti. Amri walizopata ziliitaka Halmashauri itafute mahali pasipohatarisha watu. Aliyepuuza nusu hiyo ya hukumu ni mwenye madaraka, si mwananchi. Tena, kesi hizi mbili ziliondoa urahisi ambao wenye madaraka walikuwa wameuzoea. Kabla ya mwaka 1988 kumwaga taka katika makazi ya watu hakukuwa na gharama yoyote kwa jiji. Baada ya mwaka 1991 kulikuwa na gharama: majaji, hukumu, na watu waliokwisha kujua njia ya mahakamani. Waliofuata waliikuta njia imefyekwa.

Njia hiyo baadaye iliandikwa katika sheria. Katiba yetu ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Tanzania iliitamka haki hiyo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kenya iliiweka katika ibara ya 42 ya Katiba ya mwaka 2010. Mwanafunzi wa leo anazikuta ibara hizi zimechapwa, na huenda akadhani zilikuwapo siku zote. Watu wa Tabata walidai haki yao kabla jina lake halijaandikwa.

Lakini maandishi peke yake hayalindi mtu. Nilisema kwamba tunayo sababu ya kuisoma historia hii. Sababu hiyo ni Kiteezi. Jalala hilo la Kampala lilianza kutumika mwaka 1996, mwaka mmoja baada ya ibara ya 39 kuandikwa. Lilijaa, likazidiwa, na taka zikaendelea kupandishwa juu yake huku watu wakiishi chini ya mlima wake. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomoka ukafunika nyumba, watu na mifugo. Waliokufa walizidi 30. Haki ya kuishi, ambayo Jaji Lugakingira aliisoma ndani ya moshi wa Tabata, ilivunjwa Kiteezi kwa dakika chache mbele ya macho ya nchi nzima.

Historia hii inatufundisha kuwa dai la mazingira lina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kukataa: kukusanya majina, kusoma mpango wa mji, kujua ni sheria gani inayovunjwa, na kwenda mahakamani bila kuogopa udogo wa mtaa. Nusu ya pili ni kuendelea kuuliza baada ya ushindi: zinakwenda wapi sasa, na huko anaishi nani? Tabata na Kunduchi walitimiza nusu ya kwanza kwa heshima kubwa. Nusu ya pili imebaki kuwa deni la miji yetu yote, Kampala ikiwemo.

Kwa hiyo, kabla ya somo lijalo, kila mmoja afanye uchunguzi mdogo. Taka za shule yetu huzolewa na nani, na humwagwa wapi? Nani anaishi karibu na mahali hapo? Je, aliwahi kuulizwa? Andika majibu yako kwa Kiswahili sanifu katika aya tatu, kisha tutayajadili darasani.