Nani Ashike Kifutio?

Leo sina habari za simu mpya wala lugha mpya ya programu. Nataka tuzungumze kuhusu kitufe kimoja tu, kile kilichoandikwa "Futa". Nimekitengeneza mara nyingi katika kazi yangu bila kukifikiria, mpaka siku nilipolazimika kukibonyeza mwenyewe.

Ilikuwa Agosti 2022. Tulipiga kura tarehe 9, na matokeo ya urais hayakutangazwa hadi tarehe 15. Siku hizo zote nchi nzima ilikuwa na simu mkononi, kila mtu akijumlisha fomu 34A kwa hesabu yake. Mimi nilikuwa nasimamia baraza dogo la mtandaoni la watu niliosoma nao chuoni, nililolitengeneza kwa mikono yangu. Usiku wa tatu mwenzetu mmoja, mtu niliyekula naye chapati na maharagwe miaka minne, akaandika kuhusu kabila fulani maneno ambayo sitayarudia hapa. Nikafuta. Akaandika tena. Nikamtoa. Asubuhi nikakuta ujumbe wake: "Sawa, lakini niambie nimevunja sheria gani."

Sikuwa na jibu. Hatukuwa tumeandika sheria hata moja.

Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma historia ya mabaraza ya mtandaoni. Nilichogundua ni kwamba sisi watengeneza programu tumelikimbia swali la huyu rafiki yangu kwa zaidi ya miaka 40.

Tuanze California mwaka 1978, kabla ya wavuti kuwapo. Siku hizo mtu aliweka tarakilishi moja nyumbani na kuiunganisha na laini ya simu. Wewe ulipiga simu kwa modemu, ukasoma ujumbe wa wengine, ukaandika wako, kisha ukakata ili mwingine apate nafasi. Mojawapo ya mabaraza hayo liliitwa CommuniTree. Waanzilishi wake waliamini kwamba watu wakiachwa huru watazungumza kwa busara, na imani hiyo wakaijenga ndani ya programu yenyewe. Mwenye mashine hakuwa na njia rahisi ya kuzuia ujumbe wala kuuondoa ukishaingia.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, maana waliokuja ni watu wazima waliopenda falsafa na mijadala mirefu. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, shule zikaanza kupata tarakilishi na modemu, na vijana wakaigundua namba ile ya simu. Wakamwaga matusi mpaka diski ikajaa. Wasimamizi wakasafisha, ikajaa tena. Katika miezi michache baraza likafa. Ukitaka kuwalaumu wale vijana, sawa, lakini mimi nawatazama zaidi waliotengeneza programu. Walijenga nyumba isiyo na mlango, halafu wakashangaa mbuzi kuingia.

Kisa cha pili ndicho kilichoninyima usingizi. Mwaka 1990, katika maabara ya Xerox PARC, Pavel Curtis alianzisha LambdaMOO. Ilikuwa dunia ya maneno matupu, bila picha, iliyochorwa kwa mfano wa nyumba yake mwenyewe. Ukiingia ulikuwa na jina la bandia, na kila ulichotenda kilionekana na wenzako kama sentensi kwenye skrini. Wasimamizi waliitwa wachawi. Adhabu kubwa kuliko zote ilikuwa kugeuzwa chura, yaani kufutwa kabisa, jina na yote uliyomiliki.

Wachawi hao wakachoka. Kila siku walitakiwa kuamua ugomvi wa watu. Basi Desemba 1992 Curtis akatangaza kwamba kuanzia hapo wachawi watabaki mafundi tu. Watatunza seva, na mambo ya kijamii wanajamii watajimalizia wenyewe. Kwa fundi yeyote hilo linavutia. Nani asiyetaka kazi isiyo na watu?

Haukupita muda. Machi 1993, mtu aliyejiita Mr. Bungle aliingia sebuleni na programu ndogo iliyomwezesha kuandika matendo kwa majina ya wengine, ionekane kana kwamba wao ndio wanaotenda. Akaitumia kuwafanyia washiriki kadhaa ukatili wa kingono mbele ya kila aliyekuwapo. Ndiyo, ni maneno tu kwenye skrini. Lakini waliotendewa walikuwa watu halisi, na mmoja wao alisimulia kwamba alilia kweli alipoandika kuhusu tukio hilo.

Baada ya siku tatu wakaitisha mkutano, humohumo ndani. Wakajadili kwa saa nyingi. Je, kosa hili liko kwenye sheria ipi? Nani ana mamlaka ya kuhukumu? Wachawi si wamejitoa? Mkutano ukavunjika bila uamuzi. Kisha mchawi mmoja, peke yake, akatoa amri, na Mr. Bungle akafutwa.

Curtis alikuwa safarini wakati huo. Aliporudi alianzisha utaratibu wa maombi na kura, ili wanajamii wapitishe sheria na wachawi watekeleze. Mwandishi Julian Dibbell alikisimulia kisa hicho katika gazeti la Village Voice mnamo Desemba 1993, na wengi wetu tunakijua kupitia kwake. Lakini kuna kipande ambacho husahaulika. Mwaka 1996 wachawi walitangaza kwamba wanarudi kuamua, wakikiri kuwa haikuwezekana kutenganisha kazi ya fundi na mambo ya kijamii. Nilisoma hapo mara mbili. Wenye kitufe walikaa zaidi ya miaka mitatu wakijifanya hawana kitufe.

Wengine wakajaribu kukigawa. Tovuti ya Slashdot, aliyoianzisha Rob Malda mwaka 1997, ilianza na wasimamizi wachache, wakaongezwa wakafika mamia, na mwaka 1999 kazi ikagawiwa wasomaji wa kawaida. Msomaji alipewa alama chache za kutumia kwa siku chache, apandishe ujumbe mzuri au ashushe mbaya, na hakuruhusiwa kuhukumu mjadala ambao yeye mwenyewe ameuchangia. Baadaye wengine wakapewa kazi ya kuwakagua wale waliohukumu. Naipenda sana kama kazi ya uhandisi. Lakini ilifaa kuchuja upuuzi mahali ambapo watu wanabishana kuhusu Linux. Nyumba ikiwaka moto, alama hazizimi.

Na yetu iliwaka. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na ninachokumbuka ni wazazi kuzima taa mapema na kuongea kwa sauti ya chini. Tume ya Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mtandaoni, mojawapo ya mabaraza makubwa ya Wakenya lilikuwa Mashada, lililoendeshwa na David Kobia, mtengeneza programu Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Baraza hilo lilikuwa sebule ya Wakenya wengi walio ng'ambo. Januari 2008 mijadala ikageuka matusi ya kikabila na uchochezi, mazungumzo ya kistaarabu yakashindikana, na mwishoni mwa mwezi huo Kobia akalifunga.

Hebu fikiria uzito wake. Kufuta ujumbe mmoja ni jambo moja. Yeye alizima sebule nzima, na ndani yake walikuwamo pia watu waliokuwa wakitafuta tu habari za nyumbani. Lakini hakuishia kuzima. Alifungua tovuti nyingine aliyoiita I Have No Tribe, yaani "sina kabila", ili anayetaka kuongea aongee kwa msingi huo. Na mwezi uleule alikuwa miongoni mwa waliotengeneza Ushahidi, baada ya Ory Okolloh kuomba mafundi wajitokeze kuweka matukio ya ghasia kwenye ramani. Pale taarifa zilipokelewa kutoka kwa yeyote, halafu watu wakajitahidi kuzihakiki. Fundi mmoja, mwezi mmoja: alifunga mlango mmoja akafungua miwili, na kila mlango ulikuwa na sharti lililojulikana na anayeingia.

Bunge lilifuata nyuma. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, ilifanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa kosa, adhabu yake faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Msidhani mashine zimetuondolea mzigo huu. Mwaka 2022 Daniel Motaung, aliyewahi kufanya kazi hapa Nairobi ya kukagua maandishi na video za Facebook, alishtaki akidai kazi hiyo ilimuumiza akili. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilisema kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya. Kumbe nyuma ya kitufe bado ameketi mtu, anatazama yale ambayo sisi hatutaki kuyaona.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu. Baada ya kusoma yote haya niliwaita wenzangu tukaandika sheria tano, kwa Kiswahili, fupi. Anayefutiwa ujumbe huambiwa ni sheria ya ngapi. Anayetolewa anaweza kukata rufaa kwa watu watatu, na mimi simo kati yao, maana mwenye neno la siri la seva hafai kuwa pia jaji wa mwisho.

Kisha nikamwandikia. Nikamwambia: sikukosea kuyafuta maneno yale, na leo ningeyafuta tena. Nilikosea kukutoa gizani, bila sheria na bila pa kulalamikia. Ukitaka kurudi, wale watatu watakusikiliza.

Ameusoma ujumbe huo. Bado hajajibu. Uchaguzi mwingine ni 2027, na ningependa awe amerudi kabla ya hapo.

Nawe unayesimamia kikundi chochote, hata cha chama au cha mtaa, nakuomba jambo moja. Andika sheria zako leo, wakati watu bado wanacheka pamoja. Tuonane tena wiki ijayo.