Shahada ya Jicho la Mbwa

Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya jicho, humghilibu sana mfugaji wa mbwa wa nasaba. Kwani maji yazaliwayo daima ndani ya jicho yakikosa njia ya kutokea, shinikizo lake laweza kuufisha mshipa wa kuonea kwa siku moja au mbili, na aghalabu mwenyewe hung'amua jicho limekwisha kupofuka, ilhali mbwa huyo amekwisha kuacha watoto na wajukuu.

Njia hiyo imo katika pembe ambapo konea hukutana na duara la rangi, wala haionekani kwa macho matupu, maana nuru itokayo humo hurudishwa ndani na konea yenyewe. Alexios Trantas, tabibu Mgiriki wa Istanbul, ndiye aliyeiona katika jicho la binadamu aliye hai, takriban mwaka 1900, kwa kulibonyeza kwa kidole. Wakafuata wengine waliobuni lenzi za kuwekwa juu ya konea. Katika miaka ya 1970, huko Uingereza, Peter Bedford aliwachunguza kwa lenzi hizo mbwa aina ya Cocker Spaniel na Basset Hound. Kwa mbwa asiye na kasoro, nyuzi zilizokingama penye pembe hiyo huachana kama meno ya kitana. Kwa wenye ila huungana zikawa utando.

Wataalamu wakashika itikadi kwamba mbwa huzaliwa na ila hiyo wala haizidi, hivyo kupimwa mara moja kabla ya kuzalishwa, na kupewa shahada, kwatosha umri wote. Itikadi hiyo iliwastarehesha wafugaji, nami siwalaumu, maana ni nani asiyependa kulipa ada mara moja? Walakini uchunguzi uliotolewa mwaka 2016, ukiwamo wa Flat-Coated Retriever, ulidhihirisha kuwa utando huzidi kadiri mbwa azeekavyo. Na shahada ya maisha ikabatilika, vikawekwa huko Uingereza vipimo vya kila miaka 3, na daraja kuanzia 0 hata 3, ambapo wa daraja la 2 na la 3 hawapendekezwi kuzalishwa.

Basset Hound ana balaa jingine, kwani yupo anayeugua glakoma hali pembe yake i wazi, na lenzi haitambui hatari hiyo mapema. Mwaka 2015 hitilafu ya jeni ya ADAMTS17 ilibainishwa kuwa ndiyo asili yake, nayo hupimwa kwa usufi uliopanguswa ndani ya shavu. Lakini kipimo hicho hakisemi lolote juu ya utando, kwa hiyo mfugaji wa mbwa hao hana budi kuvitafuta vipimo vyote viwili, cha lenzi na cha jeni.