Acha Kulaumu Stima: Historia Fupi ya Kuovakloki na Mashine Zinazodanganya

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana nilirudisha pesa za video ya ruracio. Harusi unaweza kupiga tena picha za maua. Lakini mzee akishaongea mbele ya wakwe, ameongea. Na pale katikati ya hotuba yake, faili niliyompa mteja ilikuwa na mabaka ya kijani usoni mwa mzee kwa karibu dakika nzima. Nikifungua faili asili ya kamera, nilipata hata kopi yenyewe ilikuwa imeharibika wakati wa kuihamisha, na kadi nilikuwa nimeshaifuta.

Mashine haikuzima. Haikulia. Iliniambia kazi imekwisha, asilimia 100.

Hiyo kompyuta niliiunda hapa Makutano, Meru, na vipuri vya mitumba. Usiku mmoja wa Julai nikaamua kuiovakloki, yaani kuilazimisha ikimbie kuliko kasi iliyopangiwa. Nikapandisha prosesa, nikapandisha volteji, nikawasha kasi ya juu ya RAM, zote pamoja. Nikacheza gemu ya mpira saa moja, haikukwama, nikasema imetulia. Februari nikaibeba hadi Siakago kwa binamu yangu tufanye kazi huko, na vituko vikaanza. Inazima katikati ya kazi, inajiwasha, faili zinaharibika. Nikasema ni stima ya huku. Nikanunua stabilaiza. Hakuna kilichobadilika.

Ndipo nikaanza kusoma historia ya hii kitu, na nikagundua makosa yangu yote yalishafanywa kabla sijazaliwa.

Kwanza uelewe kwa nini mashine hudanganya. Prosesa ya 4 GHz hupiga mapigo bilioni 4 kwa sekunde, na kila hesabu ndogo lazima iishe kabla ya pigo linalofuata. Fikiria makanga pale Chuka. Ukimpa dakika tano, abiria wote wanapanda na mizigo yao. Ukimpa mbili, mmoja anaachwa, na gari linafika Embu likidhani limejaa. Kuongeza volteji ni kama kuwaambia abiria wakimbie: wanawahi, lakini joto linapanda, na joto likipanda wanaanza kuchelewa tena. Abiria aliyeachwa akiwa muhimu, mashine inazima. Akiwa ni rangi tu ya kipande cha uso wa mzee, mashine inaendelea kama kawaida.

Sasa twende 1994. Kule Virginia, Marekani, mwalimu wa hesabu anayeitwa Thomas Nicely alikuwa anachunguza namba tasa kwa kompyuta kadhaa. Mwaka huo aliongeza moja yenye prosesa mpya ya Pentium, na majibu yakaanza kutofautiana. Hakuposti kwa hasira. Alichukua miezi akiondoa washukiwa mmoja mmoja: je, ni programu niliyoandika? Ni bodi? Anabadilisha kitu kimoja, anarudia hesabu, analinganisha na mashine nyingine. Mwishoni akabaki na mshukiwa mmoja tu, prosesa yenyewe. Oktoba 1994 akawaandikia watu kuwajulisha.

Unaweza kuona kosa lenyewe hapa: gawanya 4,195,835 kwa 3,145,727. Jibu sahihi linaanza na 1.3338. Pentium zenye hitilafu zilitoa 1.3337. Tofauti ndogo hivyo, na kompyuta inawaka vizuri tu. Intel walisema mtumiaji wa kawaida angekutana na kosa hilo mara moja kwa miaka 27,000, na mwanzoni walitaka uthibitishe kwamba unahitaji kubadilishiwa. Watu walikataa. Desemba 20 kampuni ikakubali kumbadilishia yeyote aliyeomba, na ikatenga dola milioni 475. Jamaa mmoja mwenye subira ndiye aliyeanzisha hayo yote.

Mwaka huohuo wa 1994, Chris Brady aliandika Memtest86, programu ya kupima RAM bila kuwasha Windows. Inaandika data kwenye kila sehemu ya RAM, inasoma tena, inauliza kama ni ileile. Januari 1996, George Woltman akaanzisha mradi wa kutafuta namba tasa kubwa kupitia kompyuta za watu wa kawaida, na programu yake ni Prime95. Sababu ya Prime95 kupendwa na waovakloki ni rahisi: inaitumikisha prosesa bila huruma, na jibu sahihi linajulikana mapema. Prosesa ikikosea hata kidogo, inaambiwa imekosea. Gemu yangu ya mpira haikuwa na uwezo huo. Ikikosea hesabu ya kivuli cha nyasi, nani ataona?

Halafu 1998, mwaka ambao wazee wa mchezo huu bado wanausimulia. Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini ya 300 MHz. Kizidishi chake kilifungwa kwa 4.5, na bodi iliilisha mapigo ya 66 MHz. Lakini ukibadilisha 66 iwe 100, unapata 450 MHz, kasi ya Pentium II iliyokuwa ghali mara kadhaa. Bodi ikikataa, watu walifunika mguu mmoja wa prosesa, unaoitwa B21, kwa kipande cha tepu au hata rangi ya kucha, ili bodi idhani imewekewa prosesa ya 100. Nyingi zilikubali. Lakini si zote. Na hapo ndipo somo lilipo: prosesa mbili za jina moja, sanduku moja, hazina uwezo sawa. Namba uliyoona kwa video ya mtu ni ya chipu yake, si yako.

RAM ikafuata. Mwaka 2007, pamoja na DDR3, Intel walileta XMP, mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe. Siku hizi unanunua DDR4 iliyoandikwa 3200, ukiiwasha inakimbia 2133 au 2400 mpaka uwashe XMP kwenye BIOS, na volteji inatoka 1.2 hadi 1.35. Wengi hudhani hapo wamerudisha kasi yao ya haki. Kumbe umeshaovakloki. Na hiyo 3200 ilipimwa kwa vipande vilivyouzwa pamoja. Vyangu nilinunua miezi minne tofauti, kampuni tofauti.

Wa mwisho ni 2024, na huu uliniuma. Wenye prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 walikuwa wanaangushwa na gemu, wengine bila kugusa chochote. Ujumbe mmoja uliotokea sana ulisema kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, kwa hivyo watu wakalaumu kadi ya picha. Aprili lawama zikaelekezwa kwa mipangilio ya watengenezaji wa bodi. Julai Intel wakasema programu ya ndani ya prosesa ilikuwa inaomba volteji kubwa kupita inavyofaa. Agosti wakatoa marekebisho na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Lakini marekebisho hayaponyi chipu iliyokwisha kuumia. Sisi tunaonunua mitumba tukumbuke hilo: prosesa inachakaa kwa volteji, na hujui mwenye nayo wa kwanza aliifanyia nini.

Basi nikarudi kwa mashine yangu kama Nicely. Nikarudisha kila kitu BIOS ilivyokuja. Usiku mzima wa Memtest86, makosa sufuri. Stabilaiza nikaitoa, bado sufuri. Stima ikaachiliwa huru. Nikawasha XMP peke yake: makosa yakaanza kabla hata ya chai ya saa nne. Nikapima kipande kimoja kimoja kwa 3200, kila kimoja kikapita. Vikiwa pamoja, vinakataa. Nikavishusha hadi 2933, usiku mwingine, sufuri. Huyo ndiye aliyeharibu uso wa mzee.

Kuzima kulikuwa kesi nyingine kabisa. Nikapandisha prosesa hatua ndogo ndogo, Prime95 kila hatua, nikiangalia joto. Makutano ilipita. Siakago saa nane mchana ilizima ndani ya dakika kumi. Bila shaka: mipangilio niliifanya Julai ya Meru, unavaa jaketi ndani ya nyumba, halafu nikaipeleka Mbeere Februari. Hewa inayoingia kwenye feni ilikuwa moto tayari. Nikapunguza volteji na kasi kidogo, sasa inakaa kote kuwili.

Nimepoteza asilimia chache za kasi. Kwa video ya dakika arobaini ni kama kungoja chapati moja igeuzwe.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na kuna watu bado wananiuliza nyumbani. Zile usiku sita nikiandika kwa kitabu cha mistari, kitu kimoja nilichobadilisha na matokeo yake, ndiyo mara ya kwanza nimefanya utafiti bila kukopi wa mtu. Kile kitabu ninacho hapa mezani. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina la yule mzee wa ruracio, ili nikishikwa na haraka nikumbuke.

Kwa hivyo kama umeovakloki na mashine "imetulia", niambie tu: uliipima na nini, kwa saa ngapi, na mahali ulipo kuna joto gani?