Dayethilini glaikoli

Dayethilini glaikoli (C4H10O3) ni kiyeyushi cha viwandani: kimiminika kizito kiasi, kisicho na rangi wala harufu, chenye ladha tamu, kinachochanganyika kabisa na maji na kuchemka kwenye nyuzi 245 hivi za Selsiasi. Hupatikana pamoja na ethilini glaikoli pale oksidi ya ethilini inapoungana na maji. Hutumika kukausha gesi asilia na kutengenezea resini za poliesta, wino na mafuta ya breki. Katika kazi hizo manufaa yake hayana shaka. Jina lake limechafuka kwa sababu ya dawa za maji, na kiini cha tatizo ni kufanana: kwa macho, pua na ulimi hakitofautiki na gliserini wala propilini glaikoli, viyeyushi vinavyoruhusiwa katika dawa, na mara nyingi bei yake ni nafuu zaidi.

Tofauti hujitokeza mwilini. Propilini glaikoli hugeuzwa na ini kuwa asidi laktiki, ambayo mwili wenyewe huizalisha kila siku. Dayethilini glaikoli huishia kuwa asidi daiglikoliki, ambayo huua seli za mirija midogo ya figo. Mgonjwa hutapika na kuumwa tumbo, kisha mkojo hupungua hadi kukatika. Watoto ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa miili yao ni midogo na dawa za maji hutengenezwa hasa kwa ajili yao.

Mwaka 1937 nchini Marekani, dawa ya salfanilamidi iliyoyeyushwa katika kimiminika hiki bila kupimwa sumu iliua watu zaidi ya 100, na mwaka 1938 ikapitishwa sheria ya kulazimisha usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa. Laiti ujinga ungekuwa ndio chanzo pekee, maafa yangekoma hapo. Hayakukoma. Nchini Haiti, mwaka 1995 na 1996, walikufa watoto zaidi ya 80. Panama ilipatwa na msiba kama huo mwaka 2006: kimiminika kilitoka China kikapitia Hispania, kikibadilisha mikono ya wafanyabiashara kwa hati zilizokiita gliserini, wala hakuna aliyekipima. Mwaka 2022 nchini Gambia vifo vya watoto wapatao 70 vilihusishwa na dawa za kikohozi zilizokuwa na sumu hii. Kilichokosekana katika misiba hiyo ya baadaye ni kipimo cha pipa kabla halijatumiwa kiwandani. Maarifa yalikuwepo tangu zamani.

Wapo wanaosema kiyeyushi hiki kipigwe marufuku. Hoja hiyo inagusa moyo, lakini hailengi palipo na tatizo: viwanda vya gesi na plastiki vinakihitaji, na atakayeghushi hati leo ataghushi hata chini ya marufuku. Wengine husema upimaji ni mzigo kwa nchi zenye kipato kidogo. Kweli, mashine za kromatografia ya gesi ni ghali. Lakini uchunguzi wa awali unaweza kufanywa kwa kromatografia ya tabaka jembamba, ambayo huhitaji bamba lililopakwa silika, viyeyushi vichache na fundi aliyefunzwa. Sampuli zenye shaka tu ndizo zipelekwe kwenye mashine kubwa. Kikomo cha dayethilini glaikoli kinachokubalika kimataifa ni asilimia 0.10. Hati ya muuzaji haiwezi kuchukua nafasi ya upimaji huo, kwa sababu hati hueleza kilichodaiwa kuwekwa kwenye pipa, si kilichomo.

Aprili 2024, Kenya, Tanzania na Rwanda ziliagiza toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto liondolewe madukani, baada ya mamlaka ya Nigeria kutangaza kuwa vipimo vyake vilionyesha sumu hii; baadaye mtengenezaji alisema vipimo vyake havikuiona. Mvutano huo haudhoofishi hoja. Unaonyesha kwamba kila nchi inahitaji maabara yake inayoaminika, ili uamuzi kuhusu dawa ya mtoto usitegemee neno la mtu mwingine.