Chaguo la mnunuzi na sera ya mazingira
Nadharia ya chaguo la mnunuzi husema kuwa mtu huzipanga bidhaa kwa kadiri anavyozipendelea, kisha hutwaa iliyo bora miongoni mwa zile ambazo mfuko wake unazimudu. Mnamo Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma. Ajabu ni kwamba Julai 2021 ikarejesha VAT ya asilimia 16 kwa gesi ya kupikia, ilhali gesi ikipanda bei baadhi ya wanunuzi hurudia makaa. Ushuru huo ulipunguzwa 2022 na kuondolewa 2023. Hata hivyo, makaa huuzwa kwa mkebe na gesi kwa mtungi. Kibarua anayelipwa kila jioni huenda akapendelea gesi na bado akanunua makaa.