Uamsho wa Afrika Mashariki

Uamsho wa Afrika Mashariki ni vuguvugu la kiroho lililoanza katika Kanisa Anglikana la Rwanda na Uganda kati ya mwaka 1929 na 1936, kisha likaenea Burundi, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa balokole, neno la Kiganda lenye maana ya "waliookolewa", na kutoka hapo Kiswahili kikapata neno mlokole. Siku hizi watu wengi humwita mlokole yeyote anayesali katika kanisa la Kipentekoste, lakini walokole wa kwanza walikuwa Waanglikana, na wengi wao hawakutoka katika kanisa lao.

Chanzo

Mnamo Septemba 1929 daktari Mwingereza Joe Church, mmisionari katika hospitali ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na moyo baada ya njaa kubwa iliyoikumba Rwanda. Huko alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa ameajiriwa na serikali katika kazi ya afya. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Wakati wa ukoloni Mzungu alizoeleka kuwa mwalimu na Mwafrika mwanafunzi. Hawa wawili walipiga magoti kama watu wenye haja moja.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikwenda Gahini kufundisha. Mnamo Desemba 1933, katika mkutano wa maombi hapo Gahini, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine na kuungama dhambi zao mbele ya wote. Kigozi alifariki Januari 1936, akiwa bado kijana, na kifo chake kiliwafanya wengi wasikilize wito wake kwamba Kanisa liamke.

Maungamo na unyenyekevu

Desturi iliyowatambulisha walokole ni ile waliyoiita kutembea nuruni. Katika ushirika wa kila juma, ndugu walisoma Neno, wakaomba, kisha kila mmoja akaeleza mahali alipoanguka: wivu, uongo, hasira nyumbani. Aliyeiba alitakiwa kurudisha alichoiba, na aliyemkosea mwenzake amwendee. Ushuhuda ulipokelewa kwa wimbo Tukutendereza Yesu, ambao hata leo huimbwa na watu wasiojua Kiganda.

Jambo zito zaidi, kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, lilikuwa maungamo ya wamisionari. Baadhi yao walikiri mbele ya Waafrika kiburi chao na dharau ya rangi. Neno la kuomba msamaha kutoka kwa mtu aliyezoea kuitwa bwana lilibomoa ukuta ambao mahubiri ya miaka mingi hayakuubomoa. Hapo ndipo neno "ndugu" lilipata uzito: mpishi na daktari waliweza kuonyana katika mkutano mmoja.

Umoja uliovuka madhehebu

Uamsho haukuanzisha kanisa jipya. Uliingia katika makanisa yaliyokuwapo: Walutheri wa Bukoba, Wamenoniti wa Shirati mkoani Mara mwaka 1942, Wapresbiteri wa Kenya. Festo Kivengere, Mwanglikana wa Uganda, alifundisha Dodoma miaka mingi kabla ya kuwa askofu. Josiah Kibira wa Bukoba, aliyelelewa na uamsho huo, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani (1977–1984).

Umoja huo ulijaribiwa kwa damu. Wakati wa Mau Mau nchini Kenya, ndugu wengi Wakikuyu walikataa kula kiapo, na wengine wakakataa pia kupokea silaha za serikali; kwa hiyo pande zote mbili ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa. Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho mwaka 1948, aliuawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin.

Migogoro

Maungamo yaleyale yaliyounganisha watu yaliweza pia kuwagawa, pale yalipogeuzwa kuwa kipimo cha kuwahukumu wengine. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa. Walikuwa wakiamka kabla ya alfajiri kuomba na kuhubiri, na waliwashutumu viongozi wao waziwazi kwa kuvumilia dhambi. Viongozi waliona kiburi, vijana waliona uaminifu. Pengine vyote viwili vilikuwapo.

Magharibi mwa Kenya, mvutano kati ya makundi ya uamsho ulichangia mwaka 1957 kuzaliwa kwa kanisa la kujitegemea chini ya Matthew Ajuoga. Wafuasi wake waliitwa Johera, yaani "watu wa upendo" kwa Kijaluo. Nchini Uganda, kundi la Abazukufu, "walioamka tena", lilidai kwamba walokole wenzao wamepoa, likajitenga nao katika ushirika.

Swali gumu kuliko yote linatoka Rwanda, ambako uamsho ulianzia. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, Wakristo waliwaua Wakristo wenzao, hata ndani ya makanisa. Walikuwapo waumini waliokufa kwa kukataa kutenganishwa na ndugu zao, na walikuwapo waliowasaliti.